Akili ya Watu Wawili

Wasifu wa marehemu ulisomwa kabla ya chakula, kama ilivyo kawaida ya misiba ya Bariadi siku hizi. Aliyeusoma alikuwa kijana wa kwaya mwenye sauti ya redio, na alisoma polepole ili hata akina mama waliokuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria wasikie. Alisoma marehemu alizaliwa wapi na kubatizwa wapi, kisha akafika kwenye elimu. "Mwalimu Minza alihitimu darasa la saba akiwa wa kwanza katika kata nzima, na alikuwa msichana pekee wa shule yake kuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali." Watu chini ya turubai wakaguna kwa heshima. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, mwenye kanga ya rangi ya chungwa, akaniegemea akasema, "Akili kama zile mtu anazaliwa nazo." Nikamjibu kwamba ni kweli. Mtihani ule niliufanya mimi.

Asubuhi ya siku hiyo, nilipoteremka tu na kuuliza njia ya msibani, binti wa marehemu aitwaye Neema alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili na kuniita Mama Limi. Nilishtuka, maana kule Lamadi ninakouza dagaa naitwa Mama Kwandu, na kabla ya hapo huko Kahama, Geita na kwingine kote nilikopita niliitwa Kwandu. Limi ni jina nililopewa nilipozaliwa, na waliokuwa wakiliita wamekwisha kufa au wamezeeka. Neema akanieleza kwamba ratiba ina nafasi ya salamu za marafiki, na angefurahi kama ningesema maneno machache juu ya mama yake alivyokuwa shuleni. "Wewe ndiye uliyesoma naye, mama. Sisi tulisikia hadithi tu." Sikumkubalia, wala sikumkatalia. Wasifu ulipokwisha kusomwa zilikuwa zimebaki kwaya tatu kabla ya salamu hizo, na mimi nilikuwa bado sijui nikisimama nitasema nini. Nimekuwa mtu wa kuhama maisha yangu yote. Aliyewahi kuwa mume wangu alikuwa akisema nyayo zangu zina upupu, na ni kweli kwamba kila mahali ninapofika huwa nakumbuka nilikotoka kuliko ninavyopaona nilipo. Lakini mahali ninapopakumbuka zaidi ya pengine pote ni chumba kimoja, na mwendo wa dakika chache kutoka pale turubai lilipofungwa ungenifikisha kilipokuwa.

Kilikuwa chumba cha pamba. Wakati ule Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, hakuna aliyekuwa akisema Simiyu isipokuwa kwa kuutaja mto, na mwalimu mkuu wa shule yetu, Mwalimu Sospeter, alilima pamba kama mzazi mwingine yeyote. Pamba ikichumwa ilirundikwa kwenye chumba cha nyuma kusubiri mnunuzi, na sisi wasichana wawili tuliokaa kwake tulilala juu yake. Mwezi wa sita rundo lilikaribia kenchi, tukapanda kwa kukanyaga dirisha, na tukilala tuliona mwanga wa jikoni ukipita juu ya ukuta usiofika kwenye bati. Ilikuwa na joto, na ilinuka dawa ya kuulia wadudu, na mbegu zilituchoma mgongoni kama punje za mtama. Kila gari la mnunuzi lilipokuja, kitanda chetu kilishuka. Ninaukumbuka mwaka ule kwa kushuka kwake. Tulianza karibu na bati, tukacheka tukiwa usawa wa dirisha, na mtihani ulipofika tulikuwa tumelala sakafuni juu ya mkeka.

Nilipelekwa kwa Mwalimu kwa sababu shule ya kwetu, upande wa Mwandoya, ilikuwa na walimu wawili na mmoja wao alikuwa mgonjwa. Minza alikuwa mtoto wa ndugu wa mke wa Mwalimu, ametoka Nyashimo, mji wa kando ya barabara kubwa. Alikuwa ameniacha kimo kwa kichwa kizima, anajua nyimbo zote za kwaya, anamwigiza kila mwalimu anavyotembea, na hesabu zilimkimbia kama kuku. Mwalimu alinipokea kwa maneno ambayo niliyabeba mwaka mzima kama mtoto anavyobeba nguo mpya. Alinipa hesabu tatu mlangoni, kabla sijaweka kifurushi chini, na nilipozitoa majibu akamgeukia mkewe. "Mama, njoo umwone huyu. Ana akili ya watu wawili." Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kumfundisha Minza. Mchana tulikula michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga, jioni ugali na mlenda, Jumapili dagaa wa Lamadi waliokaangwa hadi wakalia mdomoni. Mke wa Mwalimu, ambaye wote tulimwita Mama, alitupakulia sahani moja na kunisogezea upande wenye mboga nyingi. "Kula, ng'wanone, mwanangu," alikuwa akisema. "Ubongo nao unataka mafuta." Kwetu sikuwahi kusogezewa sahani na mtu. Ningemfundisha Minza hata kwa maji matupu.

Mwalimu alikuwa na imani na mtihani kama wengine walivyo na imani na dini. Wakati huo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, shule nzima ingeweza kupeleka mtoto mmoja au isipeleke yeyote, na wazazi wengi waliamini kwamba nafasi hizo zinagawiwa kwa kujuana. Mwalimu alikuwa akisimama mbele yetu mstarini asubuhi na kuwakana. "Kule mtihani unakosahihishwa hawajui jina lako," alisema. "Hawajui kabila lako, hawajui baba yako ana ng'ombe wangapi, hawajui kama una viatu. Wanaona nambari. Mtoto wa mkuu wa wilaya ni nambari na wewe ni nambari. Hakuna haki iliyo kubwa kuliko hiyo." Nilimwamini. Mpaka leo nadhani hata yeye aliyaamini maneno hayo, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Ukimfunga msahihishaji macho asimwone mtoto, umefanya vizuri, lakini sasa kila kitu kimebaki kwa yule anayegawa nambari.

Alizigawa yeye mwenyewe, baada ya mtihani wa nusu mwaka, kila mmoja wetu kwa zamu, kwenye vipande vya boksi alivyovikata kwa wembe. Hatukuonyeshwa karatasi yoyote iliyotoka wilayani, na hakuna aliyefikiri kuomba. Tuliambiwa tuzikariri, kisha vipande vikakusanywa na kuchomwa ili mtu asiibe cha mwenzake. Kuanzia hapo majina yetu yalikoma. Mstarini Mwalimu aliita nambari, na mwenye nambari akajibu "Nipo." Aliyechelewa kujibu alichapwa, kwa sababu, alisema Mwalimu, siku ya mtihani msimamizi atatoka shule nyingine, ataita nambari mlangoni mara moja tu, na anayeduwaa atabaki nje na maisha yake. Ikawa mchezo. Mwalimu aliiita nambari yangu nikiwa kisimani, nikajibu na ndoo kichwani. Aliiita tukiwa mezani, nikajibu tonge likiwa mdomoni, na nyumba nzima ikacheka. Juu ya pamba Minza na mimi tulifundishana. Aliniita yangu, nikamwita yake, tukajibizana hadi Mama akagonga ukuta tunyamaze. "Yako inaimbika," Minza aliniambia. "Yangu ni ngumu kama mfupa."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililieleza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kujua ninamweleza nani nini. Kwenye zizi la Mwalimu walikuwamo ng'ombe wa mtu wa Mwandoya, waliowekwa pale watunzwe, kama Wasukuma wanavyofanya ili ugonjwa au ukame usimkute mtu na mali yake yote mahali pamoja. Minza alikulia mji wa barabarani, hakuyajua hayo. Jioni moja tulikuwa tunashika ndama wakati Mama anakamua, akauliza yule ndama mweusi ni wa nani, amchagulie jina. Nikamwambia ni wa mtu wa Mwandoya. "Amezaliwa hapa," akasema. Nikamwambia anaweza kuzaliwa hapa, akalishwa hapa, akalindwa na fisi hapa. Sisi tunakunywa maziwa, lakini ndama ni wa mwenye alama. Nikamwonyesha alama ya moto kwenye paja la mama yake. Minza akaitazama kwa muda. "Basi ng'ombe hazai," akasema. "Inayozaa ni alama." Mama alicheka hadi akainua kichwa kutoka ubavuni mwa ng'ombe, na tangu hapo yakawa maneno ya nyumba ile. Mtu akipewa sifa ya kazi ya mwingine, walisema, inayozaa ni alama.

Siku moja ya mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshuka hadi usawa wa kiuno, nilikuwa nimelala mchana kwa homa. Mwalimu na Mama walikuwa jikoni, Mama anapeta choroko, nausikia ungo. Mama alikuwa akisema kwamba Minza hana mwaka mwingine, kwamba akikosa safari hii wazee wa Nyashimo wamekwisha kuongea na watu wenye ng'ombe, na mtoto mwenyewe anajua. Mwalimu akakohoa. Mama akauliza, "Na huyu mwingine?"

"Huyu atapata tu. Akili haichakai kwa mwaka mmoja."

"Na mama yake akija kuuliza?"

"Mtihani unaulizwa? Mtihani ni kama mvua. Ikinyesha kwa jirani utaenda kushitaki wapi?"

Ungo ukaendelea. Niliyasikia yote hayo na nikaelewa kwamba Minza ana haraka kunizidi. Zaidi ya hapo sikuelewa kitu. Nilimwonea huruma, nikaamka jioni na homa yangu nikamfundisha sehemu na desimali. Wiki hiyo pia msichana mmoja wa darasa letu, Kwandu, aliacha kuja. Alikuwa ameolewa huko huko upande wa kwetu, na dawati lake likakaa wazi. Mwalimu aliendelea kuiita nambari yake mstarini asubuhi kadhaa, kimya kinapita, kisha akaacha.

Wiki ya mtihani Minza alinipa raba zake nyeupe. Zilikuwa raba pekee za wasichana shuleni, alizisugua kwa majivu kila Jumamosi, na ghafla akazivua na kuniwekea mapajani. Nilimwambia ni kubwa kwangu. "Weka nguo mbele," akasema. Nikamwuliza yeye atavaa nini kwenye mtihani. Akasema miguu haiandiki. Nilicheka. Yeye hakucheka, na Minza alikuwa mtu wa kucheka hata kanisani. Kwa miaka mingi baadaye, kwenye vyumba vya kupanga na kwenye mabenchi ya stendi, nimeziangalia raba zile ndani ya kichwa changu na kujiuliza swali moja tu: zilikuwa zawadi au malipo? Kama zilikuwa zawadi, basi alidanganywa kama mimi. Kama zilikuwa malipo, alijua tangu juu ya pamba.

Msimamizi alikuja kutoka shule nyingine, mwanamume mwembamba mwenye saa kubwa. Aliita nambari mlangoni, nikajibu "Nipo" kabla hajamaliza, akatabasamu, nikaingia nikakaa kwenye dawati lililoandikwa nambari hiyo kwa chaki. Kwenye karatasi ya majibu hatukuandika majina. Hesabu zilikuwa na bomba linalojaza tangi huku bomba jingine likilitoa maji, ukokotoe litajaa baada ya muda gani. Sikuwahi kuona bomba likijaza chochote. Maji yetu tuliyafukua kwenye mchanga wa mto, tukangoja yajitokeze. Wenzangu wengi walikwama hapo, si kwa kukosa akili, ila walikuwa wanajiuliza ni mtu gani mjinga anayejaza tangi huku amelitoboa. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kwenye mtihani hujiulizi hayo. Nililijaza tangi lao. Minza alikuwa mbele yangu, upande wa dirisha, na kila nilipoinua kichwa niliuona mgongo wake umetulia. Alimaliza mapema, au aliacha mapema. Jioni hakula, na Mama hakumlazimisha.

Matokeo yalisomwa mwisho wa mwaka, uwanjani, wazazi wakiwa wamesimama kwenye kivuli cha darasa. Mwalimu alisoma jina la mvulana mmoja, wakapiga makofi. Akasoma la Minza. Watu wakaangaliana kuhakikisha wamesikia sawasawa, kisha wakapiga makofi zaidi. Nikasubiri la kwangu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi kabisa. Mwalimu akakunja karatasi, akaiweka mfukoni, akatangaza kwamba mwakani wazazi wajitahidi kuleta watoto wenye afya. Wenzangu waliniangalia. Mtoto mmoja mkorofi akasema kwa sauti, "Mwalimu wa Minza kafelishwa na mwanafunzi wake," na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikujua uso wangu niuweke wapi. Usiku na mchana kwa siku zilizofuata nilitafuta kosa nililofanya. Nilifanya upya kila hesabu chini, kwa kijiti, nikakuta kila jibu pale pale. Hilo ndilo waliloniibia kwanza, kabla ya nafasi. Nilianza kuamini kwamba akili yangu inaniongopea.

Kisha ikafanyika karamu ya kumuaga Minza. Walichinja mbuzi wawili, Mama akapika wali ambao kwetu uliliwa Krismasi, na aliyekaa kwenye kiti cha heshima alikuwa mratibu wa elimu wa kata, mzee mcheshi mwenye tumbo. Mimi nilikuwa nanawisha wageni. Nilimfikia mratibu na jagi na beseni, akanyoosha mikono, na huku maji yanamwagika akaendelea na maneno yake kwa watu wa mezani. "Nawaambieni, matokeo yalipofika wilayani tulikuwa hatujui ni mtoto gani. Tumeona nambari tu, iko juu ya nambari zote za kata. Nimeitazama nambari ile mpaka nimeishika kichwani, hata leo naweza kuiita." Akaiita. Aliiita kama Mwalimu alivyokuwa akiiita, kwa kukata kata. Ilikuwa ile inayoimbika.

"Nipo," nikasema.

Sikufikiri. Ilitoka kama chafya. Mratibu akageuza kichwa, mikono bado kwenye beseni. Niliona uso wa Mama, aliyesimama mlangoni na sinia la nyama, na niliona Mwalimu akiweka glasi mezani taratibu. Minza alikuwa ameketi katikati, amevaa gauni jipya, akitazama sahani yake. Mwalimu akacheka. "Huyu mtoto wetu ni wa utani," akamwambia mratibu. "Amezoea kumjibia mwenzake. Walikuwa wanaitana nambari mchana kutwa, kama kasuku." Mratibu akacheka, meza nzima ikacheka, akajifuta mikono. Nikaenda kwa mgeni aliyefuata. Mikono yake ilikuwa na mafuta, nakumbuka, na nilimmwagia maji mengi kuliko ilivyohitajika, maana hapo ndipo nilipokuwa naelewa, tone kwa tone, kwamba toka mwezi wa sita nilikuwa nimekariri mtu mwingine.

Mwalimu aliniita kesho yake. Hakukana na hakuomba radhi. Aliongea kama mtu anayepanga kazi za shamba. Alisema mtoto mwenye akili hapigi kelele. Alisema serikali hairuhusu kurudia darasa la saba, na mimi kwa jina langu nimefanya na nimekosa, lakini Kwandu hakufanya, kwa hiyo nafasi ya jina la Kwandu ipo hai, na anamfahamu mwalimu mkuu wa upande wa Nyashimo atakayenipokea kwa jina hilo. Watoto wengi walisoma kwa majina ya watu wakati ule, alisema, na ni kweli, ninawafahamu wengine ni watu wakubwa. "Mwakani utafaulu tu," akasema. "Una akili ya watu wawili. Wewe huwezi kupungukiwa." Mama yangu mzazi alipokuja kutoka Mwandoya kuuliza, aliambiwa habari za mvua. Alitikisa kichwa, akashukuru kwa malezi, akanichukua.

Nikafanya mtihani tena nikiwa Kwandu, nikachaguliwa, nikamaliza kidato cha nne nikiwa Kwandu, na cheti changu mpaka leo ni cha mwanamke mwingine. Miaka kadhaa iliyopita nilimkuta Kwandu mwenyewe, nilipokuwa nawapikia wapakiaji wa pamba kule Mwandoya. Nilimweleza. Alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe mimi ni kidato cha nne," akasema, "na mume wangu ananiita mjinga." Akanitaka nimsemeshe Kiingereza alichojifunza. Yule nilimpenda. Lakini watu hawajui inavyokuwa kuitwa jina mara elfu na kila mara ukachelewa kidogo kugeuka. Waajiri walidhani nina kiburi. Nikikaa mahali muda mrefu nilianza kuhisi Kwandu ndiye anayekaa pale, na kwamba mimi nimesahauliwa mahali pengine, kwa hiyo nikafunga mizigo kwenda kutazama.

Kwaya ya kwanza ilikuwa inashuka jukwaani, nikainuka kwenda kumsalimia Mwalimu Sospeter. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto, mzee sana sasa, jicho moja limefunga ukungu. "Mwadila, Mwalimu," nikamsalimu kwa Kisukuma. Akaitikia, akaushika mkono wangu, akanitazama kwa lile jicho zima mpaka akanipata.

"Limi," akasema. "Uliendelea vizuri?"

"Nauza dagaa Lamadi."

"Lakini ulisoma."

"Alisoma Kwandu."

Akaitazama kwaya ya pili ikipanga mistari. Nilidhani ndiyo amesikia. Kisha akanipapasa mkono kama unavyompapasa ng'ombe mtulivu. "Wewe nilijua hutaharibika," akasema. "Minza angeharibika. Wewe ulikuwa na akili ya watu wawili." Aliyasema kwa upendo kabisa. Nikautoa mkono wangu nikarudi kwenye kiti.

Neema alinifuata na chupa ya maji. Akachuchumaa kando yangu, akaniuliza kama nimeamua, maana mwongoza ratiba anataka kujua. Nikamwuliza kitu kimoja: nani alimwambia kwamba mimi naitwa Limi.

"Mama."

"Lini?"

"Alipoanza kuugua. Alisema siku moja atakuja mama mfupi kutoka Lamadi, watu watamwita Mama Kwandu, lakini sisi tumwite Limi. Tumkalishe na ndugu, tusimwulize kitu." Akatazama chini. "Hukukaa na ndugu asubuhi kwa sababu ulikataa."

"Alijua niko Lamadi?"

"Mbona siku zote tulikuwa tunakula dagaa wako, mama. Alikuwa anamwagiza dereva anunue kwako tu. Alisema dagaa wa yule mama hawana mchanga."

Lamadi na Bariadi si mbali. Mtu akipanda gari asubuhi, saa ya chai amefika. Kwa hiyo alijua nilipo na ninachouza, na jinsi ninavyosafisha dagaa wangu. Na kama alilijua jina la Kwandu, alijua nilivyolipata. Alikula kutoka mkononi mwangu mara ya pili, kama alivyokula kwenye ile sahani moja, na hakuwahi kupanda gari. Nikazikumbuka raba, zikiwa mapajani mwangu, nyeupe, na nikajua sasa zilikuwa nini. Nilikuja msibani nikitumaini, nitasema kweli, kwamba nitaambiwa hakujua. Ningeweza kumlilia.

"Mama, utasema?" Neema akauliza tena. Ana macho ya Minza, ya mtu aliyekaribia kucheka. Yeye pia ni mwalimu, anafundisha darasa la saba, na nyuma ya kiti chake nilikuwa nimeona wanafunzi wake wamekuja na sare, wamekaa chini kwa mistari. Kwaya ya tatu ikamaliza, na mwongoza ratiba akachukua kipaza sauti.

"Sasa tumsikie rafiki wa marehemu, waliosoma pamoja tangu shule ya msingi," akasema. Akainamisha kichwa kusoma. "Mama Limi Maduhu."

Sauti ilitoka kwenye spika zote mbili, ikagonga ukuta wa nyumba ya jirani, ikarudi. Jina zima. Watu wakageuka kunitafuta, na Mwalimu Sospeter akageuka pia. Mama wa kanga ya chungwa akanisukuma kidogo begani ninyanyuke. Nikasimama. Kipaza sauti kikapitishwa kwa mikono ya watu mpaka kikanifikia, na nikakishika.

"Nipo," nikasema.

Nikakirudisha, nikakaa. Mwongoza ratiba alisubiri kidogo, kisha akawaambia watu kwamba uchungu umemzidi mama yetu, tumwache. Wakaguna kwa huruma. Macho yangu yalikuwa makavu. Nilikuwa nimeitwa na nimejibu, na safari hii aliyeitwa na aliyejibu walikuwa mtu mmoja.